Nilikwenda Kabambare Kuwashangilia Vijana Wetu

Tangu nirudi, watu wanapita barazani kwangu na nguo za kushona, na nyingine hazina hata tundu. Wanakaa, wanauliza habari za nyumbani, wanakohoa kidogo, halafu wanauliza: "Fundi, ile habari ya Kabambare iko kweli?" Kila mmoja ameisikia kwa namna yake. Wengine wamesikia kwamba niliwauza vijana wa Kasongo kwa sahani ya nyama. Wengine wamesikia kwamba nilimroga mkwe wangu kwa sindano. Nimechoka kuieleza vipande vipande huku mguu uko kwenye cherehani. Basi naiandika yote mara moja, anayejua kusoma awasomee wenzake, mniache nishone.

Mambo ya kuomba karatasi ya kusafiri nayaruka. Mnayajua, na yanaumiza kichwa.

Kutoka Kasongo

Mnakumbuka mashindano yalivyopangwa. Mechi tatu kati yetu na Kabambare, atakayeshinda mbili anachukua kombe. Mbili za kwanza kwao, ya mwisho hapa kwetu, kwa sababu uwanja wetu ulikuwa bado umejaa maji ya mvua.

Mimi nilimwambia mke wangu kwamba nakwenda kumwona mjukuu. Binti yetu Zaina ameolewa Kabambare, alikuwa amejifungua, na mtoto tulikuwa hatujamwona. Si uongo. Mjukuu alikuwa Kabambare, na mpira pia ulikuwa Kabambare. Mke wangu alinifungia mchele, samaki wakavu na kitambaa cha kubebea mtoto. Halafu akaitazama firimbi niliyoivaa shingoni.

"Na hiyo firimbi," akasema, "ni ya kumuitia mutoto?"

Nilikuwa nimeinunua ya kushangilia. Niliamini kabisa kwamba vijana wetu hawawezi kushinda bila sauti yangu, na kwamba sauti yangu peke yake haitafika mbali. Asubuhi hiyo nilikwenda kwenye gari lililowachukua wachezaji. Nahodha wetu, Musafiri, yule mshambuliaji, aliniambia kwa heshima, "Baba, nafasi hakuna." Nilimwamini. Kisha nikawaona wakipandisha magunia ya mchele mahali ambapo ningekaa mimi na kubaki na nafasi ya kunyoosha miguu.

Basi nikapanda baiskeli yangu. Nilipita sokoni polepole ili kila mtu aone ninaondoka, na wengi waliona, ndiyo maana sasa siwezi kusema sikwenda.

Njiani

Baiskeli ilikwenda vizuri mpaka vilima vya kwanza. Hapo mnyororo ulikatika. Mimi ni fundi wa mashati na kanzu, chuma sikijui. Niliutazama mnyororo kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri ujirekebishe kwa aibu, kisha nikautia mfukoni na kuanza kusukuma.

Mvua ikanyesha. Njia ikawa tope jekundu la kunata. Mama mmoja mzee mwenye kikapu cha mihogo mgongoni alinifikia kutoka nyuma, akanisalimia, akanipita, na baada ya kilima kimoja sikumwona tena. Watu wa vijiji walisimama kunitazama. Mwanamume mmoja akaionyesha baiskeli kwa kidole, akaniuliza kwa upole, "Baba, hiyo kinga unaipeleka kwa muganga?"

Nilianguka mara ya kwanza nikacheka. Mara ya pili nikatazama kama kuna mtu ameona. Mara ya tatu nilikaa palepale kwenye tope, nikala samaki wa mke wangu, nikafikiria magunia ya mchele yaliyokwenda Kabambare kwa gari.

Wamaza

Nilifika Wamaza nimechafuka hata kope. Nilikuwa na kofia ya kaki, firimbi shingoni, na baiskeli mkononi. Sikufikiri ninaonekanaje. Nilipoingia kijijini nikaona wanaume wawili wakitoka nyuma ya nyumba na kukimbilia mashambani, na mmoja alikuwa bado ana tonge mkononi.

Mama mmoja hakukimbia. Alikuwa na mtoto mgongoni na rozari shingoni. Jina lake Mama Feza. Alinitolea kiti, akasimama mbele yangu amenyooka kama mbele ya hakimu.

"Bwana, shamba yangu ya pamba iko na majani kidogo tu. Bwana yangu alikuwa mugonjwa. Kesho tunalima."

Nikaelewa. Walidhani mimi ni mtu wa pamba, wale wanaotumwa na Bulamatari, serikali ya wazungu, kukagua mashamba na kupeleka majina ya watu kwa wakubwa.

"Mama, mimi si mutu wa pamba," nikamwambia.

"Ndiyo, bwana." Akamgeukia binti yake akasema kitu kwa Kibangubangu. Nikasikia kuku akikamatwa.

"Mama, kweli. Mimi ni fundi cherehani, natoka Kasongo."

"Ndiyo, bwana. Na wali iko."

Kila nilivyokataa, chakula kiliongezeka. Nadhani alifikiri nakataa kwa sababu kilichopo ni kidogo. Nilipoapa, akaleta na ndizi. Mwisho nilitoa kitambaa cha mtoto, samaki wawili waliobaki na sindano zangu, nikavipanga chini mbele yake. Nikamweleza yote: binti, mjukuu, mashindano, mnyororo, firimbi ya kushangilia.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Utacheza mupira, weye?"

"Hapana. Nitaangalia."

"Unatoka Kasongo na miguu, unapita matope yote ile, juu ya kuangalia batoto ya watu wanapiga mupira?"

"Ndiyo, mama."

Akamwita mumewe huko mashambani. Wanaume wakarudi mmoja mmoja, na kila aliyefika, Mama Feza alianza habari upya, na mara zote alicheka mahali palepale. Kuku alikuwa ameshachinjwa, tukamla pamoja. Niliwashonea suruali mbili na gauni moja kabla ya kulala, na hata wakati nashona mtu alikuwa akinitazama kichwa na kutikisa chake.

Mto

Kesho yake mume wa Mama Feza alinifungia mnyororo kwa waya. Ulishika mpaka mtoni.

Mvushaji alikuwa mtu mkubwa, mabega kama milango. Aliiweka baiskeli yangu ndani ya mtumbwi, akaniweka mimi juu yake, akapiga kasia mpaka katikati ambapo maji yanakwenda kwa nguvu. Hapo akaacha kupiga kasia.

"Baba, unatoka Kasongo?"

"Ndiyo."

"Unakuja juu ya mupira?"

Nilitazama maji. Mnajua sijui kuogelea. "Mimi nakuja kuona mujukuu," nikasema. "Mupira sifuati sana."

"Kabambare tutawapiga."

"Inawezekana," nikasema, mimi niliyewahi kugombana na imamu juu ya bao la mkono.

Akaendelea kupiga kasia. Alinishusha ng'ambo na kunitakia mema kwa mjukuu. Mvua ilinishika tena baadaye, waya ukakatika, na sehemu ya mwisho nikaisukuma kama zile za mwanzo.

Kabambare, mechi ya kwanza

Hapa ndipo mnapopataka.

Nilifika Jumapili, mchana umeshageuka. Nyumba ya binti yangu iko upande huu wa mji, na uwanja uko upande ule. Kelele za watu zilikuwa zikija na upepo. Nilisimama njia panda na baiskeli yangu. Nasema ukweli kwa kuwa Zaina mwenyewe ameshawaambia wengine: nilikwenda uwanjani.

Watu walikuwa wamezunguka uwanja wote. Wakubwa walikaa kwenye viti chini ya turubai. Mwamuzi alikuwa mzungu mmoja wa kaptula na soksi ndefu. Miti ya goli ilikuwa mianzi. Na katika goli la Kabambare alisimama mkwe wangu Amisi, seremala, mume wa Zaina. Nilijua tangu zamani kwamba ndiye mlinda lango wao. Nilikuwa nimeamua nisimtazame usoni. Mnajua heshima ya mkwe kwa mkwe. Mtu hawezi kupiga kelele za ubaya juu ya mume wa bintiye.

Niliweza kunyamaza kwa muda mfupi sana.

Hapakuwa bado na bao. Vijana wetu walicheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona. Kisha Musafiri akapata mpira, akampita beki wa kwanza, akampita wa pili, na mbele yake akabaki Amisi peke yake, tena Amisi ameteleza, yuko chini. Goli lote wazi. Hata mimi ningefunga. Mkono ukaenda wenyewe, nikaipuliza firimbi yangu kwa pumzi yote niliyotoka nayo Kasongo.

Musafiri akasimama.

Alidhani mwamuzi amepuliza. Wachezaji wetu wote walisimama. Musafiri aliuinua mkono kuuliza kosa ni lipi, mpira ukiwa umetulia mbele ya miguu yake. Amisi aliinuka, akautwaa, akaangalia huku na huku, na kwa kuwa hakuna aliyemzuia akaupiga mbali. Vijana wa Kabambare hawakuuliza chochote. Walikimbia nao mpaka kwetu wakafunga.

Mwamuzi alisema yeye hakupuliza, na alisema kweli. Watu wakaanza kutafuta nani amepuliza. Mimi bado nilikuwa nayo mdomoni.

Mechi iliisha vile vile. Tulifungwa moja. Watu wa Kabambare walininyanyua juu mabegani, wakanizungusha uwanja mzima, mimi na tope langu, wakiimba. Kutoka huko juu nilimwona Musafiri amekaa chini, kichwa kati ya magoti. Na pembeni, kati ya wanawake, nilimwona Zaina na mtoto mgongoni.

Waliponishusha nilikwenda kwake.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba, mwanangu."

"Tulikungoja nyumbani tangu juzi, gari la vijana lilipofika na habari zako. Nilipika." Akamshusha mtoto akanipa. "Huyu ni Omari."

Nilimpokea. Alinitazama tope la usoni, akalia.

Wiki ya nyama

Mechi ya pili ilikuwa Jumapili iliyofuata. Vijana wetu walilazwa shuleni, mimi kwa mkwe wangu. Nilikwenda shuleni kuomba msamaha. Musafiri alitoka mpaka mlangoni.

"Baba," akasema, "tunakuheshimu. Lakini Jumapili usikuje kwa uwanja. Hata bila firimbi. Usikuje tu."

Nilimpa firimbi. Akaitupa chooni nikiona.

Huko kwa mkwe mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Kila asubuhi majirani wa Kabambare walileta kitu kunishukuru: jogoo, mguu wa mbuzi, sahani ya maini. Mama yake Amisi aliniwekea nyama iliyonona kuliko zote, akasema, "Kula, mukwe wetu, umetusaidia." Sijawahi kula nyama nyingi vile maishani, na kila tonge lilinipitia kooni kama pamba. Amisi peke yake hakunishukuru. Alitengeneza baiskeli yangu, akachonga kiti kidogo cha Omari, na hakutaja mpira.

Siku moja Zaina alikuwa anatwanga, mimi nimembeba mtoto. Akauliza bila kuniangalia, "Baba, kama mechi zingekuwa mahali pengine, ungekuja?"

"Ningekuja," nikasema.

"Lini?"

Kinu kilikuwa kinalia. Sikupata siku ya kumtajia.

Kuanzia hapo nilimbeba Omari kila siku, na akaacha kunililia.

Mechi ya pili

Jumapili ile mji wote ulikwenda uwanjani. Nilimwambia Zaina aende akamtazame mumewe, mimi nitabaki na mtoto. Alinitazama kama anayetafuta hila, kisha akajifunga kitenge akaenda.

Nikabaki uani na Omari begani, nikisikiliza. Niligundua kwamba mechi inaweza kusikika. Watu wote kule ni wa Kabambare. Basi wakipiga kelele, ni vibaya kwetu. Wakinyamaza, ni vizuri. Walipiga kelele mara kadhaa, lakini fupi, za mtu aliyekosa. Nikawa nasikiliza ukimya kama wengine wanavyosikiliza muziki.

Kisha ukaja ukimya mrefu. Mrefu sana. Nikajua tumefunga. Ukaendelea, nikajua tumefunga tena. Nilicheza polepole kuzunguka ua, kwa ncha za miguu, maana mtoto alikuwa amelala. Nilikuwa nimefika bao la nne wakati mwanamume mmoja alipoingia mbio.

"Fundi, leta sindano na uzi munene. Mupira umepasuka."

Hakukuwa na bao lolote. Mshono wa mpira ulikuwa umefunguka, na mpira wa pili hakuna katika Kabambare nzima.

Nilikwenda, Omari akiwa bado amelala begani. Watu walinifungulia njia. Musafiri aliponiona akafunga macho. Mwamuzi aliniwekea mpira mikononi. Ngozi ilikuwa imeachana, na kibofu cha ndani kinachungulia kama ulimi. Mimi, kama nilivyosema, ni fundi wa mashati. Nilizishika zile ngozi mbili, nikazipandisha moja juu ya nyingine kama ninavyofanya mfukoni, nikashona kwa nguvu mara mbili. Ilishika. Walipoujaza upepo, mahali pa mshono pakatoka nundu.

Mwamuzi aliibonyeza ile nundu kwa kidole. Akatazama jua lililobaki. Akauweka mpira katikati.

Nilitaka kuondoka kama Musafiri alivyoniomba, lakini umati ulikuwa umeshafunga njia nyuma yangu. Kwa hiyo niliona. Musafiri alipiga shuti dhaifu, la mtu aliyechoka. Mpira ukaviringika polepole kwa Amisi. Amisi akapiga goti moja, akafungua mikono, vizuri kabisa, kama anavyofundishwa mlinda lango. Mpira ukafika mbele yake, ukakanyaga ile nundu, ukaruka juu kama chura, ukampita begani, ukaingia.

Uwanja wote ulinyamaza. Vijana wetu tu ndio walikimbia wakirukiana.

Ninyi mnanijua. Mnajua ninavyokuwa tukifunga hapa nyumbani. Ile ilikuwa nafasi yangu, nimetembea tope lote lile kwa ajili yake. Lakini Omari alikuwa amelala, na Amisi alikuwa bado amepiga goti, anatazama mikono yake kama imemdanganya. Sikupiga kelele. Nilimfunika mtoto masikio, ingawa hakukuwa na kelele.

Tulishinda moja. Sasa tuko sawa, mechi moja kila upande, na kila mji unasema mimi ni wa mji mwingine.

Jioni hiyo

Jioni hiyo hapakuwa na nyama. Mama yake Amisi aliniwekea ugali na sombe, yale majani ya muhogo, isiyo na mafuta, akaenda jikoni.

Amisi alioga, akaja akakaa karibu nami. Tulikula. Mwisho akasema, "Baba, naomba kuuliza. Ile mushono, ulishona vile kusudi?"

"Mwanangu," nikasema, "kama ningejua kushona vile kusudi, nisingekuwa fundi wa Kasongo. Ningekuwa natafutwa na wafalme."

Mabega yakaanza kumtikisika, nikaogopa analia. Alikuwa anacheka. Zaina akaja kutoka jikoni kuona kuna nini, akatukuta wote wawili tumeshika matumbo, na Omari ameamka, anatutazama. Alikaa nasi, akanisogezea mafuta ya mawese.

Kuondoka

Safari hii Musafiri alinipa nafasi kwenye gari. Mchele ulikuwa umeliwa. Baiskeli ikapandishwa, mimi nikapanda, wachezaji wakanisogelea kama hakuna kilichotokea. Amisi na Zaina walinisindikiza na mtoto. Nilikuwa nimeshaaga wakati Amisi alipokuja mpaka ubavuni mwa gari.

"Baba," akasema, "tukija Kasongo kwa mechi ya tatu, wenzangu wametafutiwa pa kulala. Mimi nitalala wapi?"

Musafiri alinitazama. Vijana wetu wote walinitazama, na nilielewa walichokuwa wanafikiri, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kukifikiri: mlinda lango wa Kabambare, peke yake, mjini kwetu, usiku mzima kabla ya mechi.

"Kwangu," nikasema. "Utalala kwangu, na Zaina, na mtoto."

Ndivyo ilivyo. Nasikia baadhi yenu mmeshapanga kuja na ngoma dirishani kwangu ili asipate usingizi. Wazo ni zuri, na mwaka jana ningeleta ngoma kubwa kuliko zenu. Lakini mkija mtanikuta nimelala mlangoni, kwenye mkeka, na mke wangu yuko nyuma yangu na maji ya baridi. Mkwe wangu atakula vizuri, atalala vizuri, na asubuhi tutakwenda uwanjani pamoja. Tukifika pale nitakaa upande wetu, nami nitaomba kwa moyo wangu wote afungwe matatu.